Vitabu vilivyoniamini: maoni ya msomaji kuhusu riwaya na tawasifu za siku hizi

Nina daftari ambamo kila kitabu ninachosoma hupewa ukurasa wake. Juu naandika jina la kitabu na tarehe niliyokianza. Chini, tarehe niliyokimaliza au namba ya ukurasa nilipokiachia. Katikati siandiki muhtasari. Nasubiri siku tatu zipite, halafu naandika kitu kimoja tu kilichonibaki kichwani: sura ya mtu, jibu alilotoa, kitu kilichokuwa mezani, chochote kile. Siku ya tatu ikifika na sina cha kuandika, ukurasa unabaki mweupe. Kurasa nyeupe zimo nyingi, na baadhi ni za vitabu vilivyosifiwa kila kona.

Mwezi uliopita niliiacha riwaya moja ukurasa wa 61. Siitaji jina, kwa kuwa ni kazi ya kwanza ya mwandishi wake na kipaji anacho. Tatizo lake lilikuwa moja, ila lilijirudia mpaka likanichosha: mhusika akilia, sentensi inayofuata inanieleza kwa nini analia. Akikaa kimya, nafafanuliwa ukimya wenyewe. Mama mtu akibamiza mlango, naambiwa kwamba mlango ule ni ndoa yake. Sipendi kutafuniwa. Kitabu cha namna hiyo kinanichukulia kama mtu asiyeweza kuona kilichowekwa mbele ya macho yake, na nikishahisi hivyo, hata mazuri yaliyomo yananipita.

Basi haya ninayoandika hapa yote yanatokana na swali hilo: kitabu kinaniamini kiasi gani? Kwenye riwaya, kuniamini maana yake ni kuniachia kazi. Kwenye tawasifu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu humo mwandishi mwenyewe ndiye anayeomba kuaminiwa.

Nikiulizwa mfano wa riwaya, hutaja Small Things Like These ya Claire Keegan, iliyotoka 2021. Ni kijitabu cha kurasa mia moja na kidogo, unaweza kukimaliza kwa kikao kimoja. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni katika mji wa New Ross, Ireland, siku za kuelekea Krismasi ya 1985. Ana mke, Eileen, na mabinti watano. Asubuhi moja anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa, anafungua stoo ya makaa, na humo anamkuta msichana aliyefungiwa. Msichana ana swali moja linalomsumbua, nalo ni kuhusu mtoto wake mchanga.

Nyuma ya hadithi hii kuna historia nzito. Wanawake na wasichana wa Ireland walifungiwa katika nyumba zilizoitwa za Magdalene, wakafanyishwa kazi ya kufua bila malipo, wengi wao wakiwa wametengwa na watoto wao. Nyumba ya mwisho ilifungwa 1996, na serikali ya nchi hiyo iliomba radhi rasmi 2013. Mwandishi mwingine angetusomea hayo yote kupitia mdomo wa mhusika fulani mwenye hasira. Keegan anatupa ukuta. Nyumba ya watawa na shule ya wasichana zimetenganishwa na ukuta mmoja tu, shule inaendeshwa na watawa haohao, na mabinti wa Furlong wanaihitaji shule hiyo. Anaweka ukuta huo kwenye hadithi kisha anaendelea na mambo mengine. Mimi ndiye niliyelazimika kupiga hesabu: mtu huyu akifungua mdomo, nani atalipa?

Halafu kuna mikono. Furlong akirudi nyumbani jioni anasugua weusi wa makaa kabla hajakaa na watoto wake. Imeandikwa kama jambo la kawaida tu la mtu mwenye kazi chafu. Nilipofika mwisho wa kitabu nilirudi nyuma kuitafuta sehemu hiyo, nikaikuta fupi kuliko nilivyoikumbuka. Katika daftari langu kitabu hiki kina neno moja: mikono.

Rafiki yangu niliyemwazima alinirudishia akilalamika kwamba hadithi haijaisha. Ni kweli, inakatika pale ambapo waandishi wengi ndipo wangeanza. Hatuambiwi Eileen atasema nini, wala watawa watafanya nini, wala kama wateja wataendelea kununua makaa. Tulibishana kwa muda mrefu na sikumshinda. Lakini nilimuuliza anadhani kesho yake kulitokea nini, naye akanijibu kwa dakika kumi bila kupumua, akitaja kila mhusika kwa jina. Mtu asiyeachiwa kitu hawezi kuongea hivyo.

Abdulrazak Gurnah nilimjua kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2021, ila Afterlives, iliyotoka 2020, niliisoma baada ya tuzo, na nakiri niliifungua nikiwa na wasiwasi kwamba ningesoma tuzo badala ya kitabu. Wasiwasi uliniisha kwenye kisa cha Afiya. Ni msichana mdogo anayelelewa na watu wasiompenda. Kaka yake, Ilyas, anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika, kisha anajiandikisha kwenda kupigana upande wa jeshi la Wajerumani, na Afiya anarudishwa kulekule alikotoka. Mlezi wake anapogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika, anampiga hadi anamvunja mkono. Kinachomwokoa ni kikaratasi alichoandika kumwomba msaada Khalifa, rafiki wa kaka yake. Ujuzi uleule uliomponza ndio unaomtoa. Gurnah hasemi hivyo hata mara moja. Anaeleza nani alikuja, alisafiri vipi, na walivyoondoka.

Baadaye katika kitabu hichohicho, Hamza, aliyerudi kutoka vitani akiwa na jeraha, anatafsiri mistari ya shairi la Schiller kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili ili ampe Afiya kwenye kikaratasi. Lugha aliyofundishwa na ofisa wa jeshi lililomuumiza ndiyo anayochotea maneno ya mapenzi. Nilipofika hapo nilishusha kitabu. Nilikuwa nakisoma kwa Kiingereza, nikaanza kujiuliza ile mistari ilikuwa inasomekaje kwenye kile kikaratasi chenyewe, kwa Kiswahili cha Hamza.

Lawama yangu ni sehemu ya mwisho. Kitabu kilichotembea taratibu kwa kurasa nyingi kinaanza ghafla kukimbia. Mtoto wa Hamza na Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, anakwenda Ujerumani kusoma na kutafuta habari za yule mjomba, na majibu yanakuja kwa mfululizo mkavu kama jalada la ofisini. Sitasema anakuta nini. Niliposoma mara ya kwanza nilichukia. Mara ya pili niliona kwamba huenda ndivyo habari za mtu aliyepotea zinavyorudi, kwa tarehe na mihuri, lakini bado nadhani kurasa thelathini zaidi zisingekiumiza kitabu.

Na ule wasiwasi wa lugha ulipata jibu kwa namna nyingine. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alituletea Peponi, tafsiri ya Paradise, riwaya ya Gurnah ya 1994. Yusuf, kijana wa miaka kumi na miwili anayewekwa rehani kwa deni la baba yake bila kujua, nilikuwa nimeshamsoma kwa Kiingereza. Humo niliona werevu wa mwandishi. Kwenye Peponi nilisikia watu. Pale dukani, Khalil, kijana mwenzake aliyewekwa rehani kwa tajiri yuleyule, anapomkatalia Yusuf kumwita tajiri huyo mjomba, maneno yale kwa Kiswahili yana ukali ambao Kiingereza kilikuwa kimeufunika. Kwa mtu anayejua lugha zote mbili na ana nafasi ya kusoma mara moja tu, ningesema achukue ya Kiswahili. Ninatamani vitabu vingine vya Gurnah vifuate, Afterlives kikiwa cha kwanza, ili hatimaye nisome shairi la Hamza.

Nigeukie tawasifu.

Mwaka 2003 kilitoka kitabu cha James Frey, A Million Little Pieces, kilichouzwa kama kumbukumbu za kweli za mtu aliyezama katika pombe na dawa za kulevya. Oprah Winfrey, mtangazaji maarufu wa televisheni Marekani, alikichagua kwa klabu yake ya vitabu 2005, nakala zikauzwa kwa mamilioni. Januari 2006 ikabainika kwamba mambo mengi yalikuwa ya kubuni; mahali alipodai kukaa jela karibu miezi mitatu, alikuwa ameshikiliwa kwa saa chache. Mchapishaji alifikia hatua ya kuwarudishia fedha wasomaji waliotaka. Nakitaja kwa sababu tangu kisa kile, tawasifu nyingi huanza na ukurasa wa tahadhari: majina yamebadilishwa, mazungumzo yameandikwa kadiri yalivyokumbukwa. Ukurasa huo haunisaidii sana. Hakuna anayekumbuka neno kwa neno alichoambiwa akiwa na miaka saba, na sidai akumbuke. Ninachotaka kujua ni mwandishi anafanya nini anapofika mahali ambapo kumbukumbu yake inapingana na ya mwingine.

Ndiyo maana namheshimu sana Tara Westover. Educated, kitabu chake cha 2018, kinahusu malezi yake katika milima ya Idaho, Marekani. Baba yake aliamini kwamba shule na hospitali ni mikono ya serikali isiyoaminika. Tara, mdogo wa watoto saba, alikaa miaka mingi bila cheti cha kuzaliwa, akafanya kazi kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa baba yake, na hakuketi darasani mpaka alipofika miaka 17, chuo kikuu. Huko aliwahi kunyoosha mkono kuuliza neno Holocaust, yaani mauaji ya mamilioni ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, lina maana gani, darasa zima likanyamaza likidhani anafanya mzaha. Mwaka 2014 alipata shahada ya uzamivu ya historia, Cambridge.

Kisa kama hicho kinajiuza chenyewe. Lakini kilichonikamata ni maandishi madogo chini ya kurasa. Kaka yake Luke anaungua mguu, Tara anasimulia anavyokumbuka, halafu tanbihi inakiri kwamba ndugu zake wanakumbuka tofauti: nani alikuwepo, nani alifanya nini. Mwishoni mwa kitabu anarudi tena kwenye suala hilo na kuwaweka mezani wanaompinga. Angeweza kunyamaza, kwani nani angejua? Badala yake ananionesha ufa kwenye ushahidi wake mwenyewe, ananiachia niamue. Baada ya tanbihi ya kwanza ya aina hiyo nilianza kumsoma kwa utulivu, kama unavyomsikiliza mtu aliyekwisha kukuambia mapema pale asipokuwa na uhakika. Familia yake ilipinga baadhi ya mambo hadharani, na mama yake akatoa kitabu chake 2020. Mimi sikuwepo mlimani, siwezi kuhukumu. Ila kati ya shahidi anayesema anakumbuka kila kitu na anayesema hapa sina hakika, najua nani nitamsikiliza hadi mwisho.

Kuna sehemu zinazochosha. Kaka mwingine, anayempa jina la Shawn, anamtesa, anaomba msamaha, anamtesa tena, na mzunguko huo unajirudia mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuzihesabu kurasa. Nilitaka kumwambia Tara aondoke! Niliandika hivyo pembeni kwa penseli, nikiwa nimekasirika kweli. Wiki moja baadaye nilisoma tena nilichoandika nikaona aibu, kwa sababu kila mtu aliyewahi kuishi na mtu wa namna ile anajua kwamba huondoki siku moja. Nilichokiona mimi kama marudio ni maisha yenyewe yalivyokuwa. Hata hivyo sehemu ya Cambridge inapita haraka mno. Nilitaka kujua zaidi anavyojifunza kusoma, yaani kusoma kweli, baada ya kufundishwa kutii.

Annie Ernaux ni habari nyingine kabisa. Alipata Nobel 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah, na vitabu vyake vifupi vinaonekana vyepesi mpaka uvifungue. Sijui Kifaransa, nilimsoma kwa tafsiri za Kiingereza, A Man's Place ya Tanya Leslie na The Years ya Alison L. Strayer. Cha kwanza kinamhusu baba yake, aliyewahi kuwa kibarua wa shambani, kisha mfanyakazi wa kiwandani, kisha mwenye duka dogo lenye mgahawa. Binti alisoma, akawa mwalimu, na miezi miwili baada ya kufaulu mtihani wake wa ualimu baba akafariki. Ernaux alijaribu kwanza kuandika riwaya juu yake, akashindwa, akaona hana haki ya kumpamba mtu aliyeishi maisha ya kubanwa na mahitaji. Akachagua lugha tambarare, ya aina aliyoitumia kuwaandikia wazazi wake barua kuwapa habari za lazima.

Lugha hiyo ilinishinda mara ya kwanza. Niliona baridi tu. Nilikisoma tena miaka kadhaa baadaye na safari hii nilishindwa kukiweka chini, maana nilielewa kwamba anakataa kulia mbele yangu ili nisimtazame yeye nikamsahau baba yake. The Years imekwenda mbali zaidi: ni tawasifu isiyo na "mimi". Anajiangalia kwenye picha za zamani kama mtu wa tatu, anaandika "yeye" na "sisi", na miaka zaidi ya sitini ya Ufaransa inapita, vita, matangazo, nyimbo, bidhaa, maneno ya mezani. Nakipendekeza kwa mwenye subira. Majina ya watu na mambo ya Kifaransa ni mengi na mengine yalinipita, lakini mapigo ya sentensi zake yananisukuma hata nisipojua anayetajwa ni nani.

Born a Crime ya Trevor Noah, 2016, sikuisoma kwanza. Niliisikiliza, akiwa ameisoma mwenyewe. Fanya hivyo ukiweza. Alizaliwa 1984 Afrika Kusini, mama Mxhosa na baba Mswisi, wakati ambapo uhusiano kama wao ulikuwa kosa la jinai. Sheria yenyewe ilikuwapo tangu 1927. Kitabu kinaruka mbele na nyuma bila mpangilio, na nilipokuja kukisoma kwa macho urukaji huo ulinisumbua. Kwa masikio haukunisumbua hata kidogo. Lugha anazobadilisha kujiokoa mtaani unazisikia kweli, na mama yake, Patricia, anapata sauti yake mwenyewe. Mwanzoni mwa kitabu mama huyo anamsukuma mwanawe kutoka kwenye gari linalotembea ili kumwokoa. Sura ya mwisho ni ya kupigwa kwake risasi kichwani, na kupona. Noah ni mchekeshaji kwa kazi, naye anajua kuchekesha hadi ukurasa wa mwisho, lakini tawasifu hii ni ya mama. Nilipoimaliza nilihisi nimemjua Patricia zaidi ya nilivyomjua mwandishi, na nadhani ndivyo alivyotaka mtoto wake.

Tawasifu nyingine za watu maarufu nazipita haraka. Nyingi zinaandikwa na mwandishi mwingine aliyelipwa, jambo ambalo halinikwazi kama kazi ni nzuri. Kinachonikwaza ni kwamba mwenye jina hakosei kamwe. Akikosea, kosa lake ni la kufanya kazi kupita kiasi, au kuwaamini watu mno. Kurasa nyeupe za daftari langu zimejaa humo.

Sasa vitabu vya msiba, na hapa siwezi kuandika kwa umbali.

The Year of Magical Thinking ya Joan Didion, iliyotoka 2005, nilikisoma kwanza nikiwa na miaka 24. Mume wake, John Gregory Dunne, alifariki ghafla kwa moyo tarehe 30 Desemba 2003, wakiwa wamekaa kula chakula cha jioni, wakati binti yao akiwa mahututi hospitalini. Nilikimaliza nikaandika kwenye daftari kwamba mwandishi ana akili nyingi lakini anajirudia. Didion anaeleza alivyogawa nguo za mumewe, akafika kwenye viatu, akakwama. Akirudi atavihitaji. Anajua kwamba amekufa, aliiomba ripoti ya uchunguzi wa maiti, anasoma vitabu vya madaktari, na bado viatu havitoki. Mimi wa miaka 24 niliona hiyo ni mbinu ya uandishi, tena mbinu nzuri.

Miaka tisa baadaye baba yangu akafariki. Simu yake ilibaki kwangu. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, namba tano imefutika kwa kubonyezwa, na nyuma ameizungushia mpira ili betri isidondoke. Kila Jumapili usiku niliichaji. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya watu ambao hawajapata habari, wasije wakapiga wakaikuta imezimwa. Ujumbe uliokuwa ukiingia ulikuwa wa matangazo tu, na niliusoma wote. Mwezi wa nane nilimtoa Didion kwenye rafu kwa sababu nyingine kabisa, nilikuwa natafuta nilivyowahi kupigia mstari sentensi zake, nikafika kwenye viatu. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Kisha nikaenda kuivuta droo nikaitazama ile simu, na mpira wake, ikiwa imejaa chaji.

Sikuacha kuichaji siku hiyo. Kitabu hakikuniambia niache, na ndiyo sababu nakipenda. Didion haniambii kwamba huzuni ina hatua, wala hafiki mwisho akiwa amepona. Yale marudio niliyoyalalamikia nikiwa kijana, tarehe ileile, meza ileile, saa ileile, sasa nayajua kwa mwili wangu. Akili iliyofiwa inarudi palepale kutafuta mlango. Nilifuta nilichokuwa nimeandika kwenye daftari, mara pekee niliyowahi kufuta.

Notes on Grief ya Chimamanda Ngozi Adichie ni kifupi mno, na kina kelele ambazo Didion hana. Baba yake, James Nwoye Adichie, profesa wa takwimu, alifariki Nigeria tarehe 10 Juni 2020, viwanja vya ndege vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona na yeye akiwa Marekani. Kila Jumapili familia ilikuwa ikikutana kwa Zoom, na kwa Zoom hiyohiyo ndugu wakakutana kulia. Anapiga sakafu kwa ngumi. Anakasirishwa na maneno ya kufariji yaliyozoeleka, na baadaye anakumbuka kwamba naye aliwahi kuwaambia wengine maneno hayohayo. Kipande hicho cha kujikumbuka ndicho kilichonifanya nimwamini. Ukikisoma baada ya Didion utaona kimeandikwa jeraha likiwa bado bichi. Sentensi nyingine zimeachwa zilivyotoka. Mhariri mwingine angezinyoosha. Nashukuru hazikunyooshwa.

Kwa hiyo nilikuwa na hamu kubwa na Dream Count, riwaya yake ya 2025, ya kwanza tangu Americanah ya 2013. Ni wanawake wanne: Chiamaka, Zikora, Kadiatou na Omelogor. Kadiatou ndiye kitabu. Ametoka Guinea, anafanya usafi hotelini Marekani, anashambuliwa na mgeni mwenye cheo, na dunia nzima inaanza kumjadili. Adichie anaeleza mwishoni kwamba alimchora akimfikiria Nafissatou Diallo, mfanyakazi wa usafi wa hoteli huko New York aliyemshtaki mwanasiasa Mfaransa Dominique Strauss-Kahn kwa kumshambulia, na kesi ile ya 2011. Sehemu za Kadiatou zina subira ile ninayoitafuta: kijiji chake, dada yake, binti yake, namna anavyoshika Kiingereza kwa tahadhari kama kitu cha watu. Ukimjua hivyo, waandishi wa habari wanapokuja mlangoni unatamani uwafukuze wewe.

Omelogor alinipa shida. Ana mawazo makali, mengi nakubaliana nayo, lakini kuna kurasa ambazo naona mhusika ameondoka chumbani na amebaki mwandishi akitoa hotuba. Hapo nilitafuniwa, na nilisikitika kwa sababu namjua mwandishi huyu anaweza nini. Kwenye Americanah, mazungumzo ya saluni wakati Ifemelu akisukwa nywele yalibeba mambo ya rangi, uhamiaji na tabaka bila mtu kusimama jukwaani. Nimeipa Dream Count ukurasa wenye jina la Kadiatou peke yake.

Viwili vingine kwa haraka. Hamnet ya Maggie O'Farrell, 2020, inasimulia kifo cha mtoto wa Shakespeare mwaka 1596 bila kulitaja jina la baba hata mara moja, na kuna sura inayomfuata kiroboto kutoka meli hadi meli mpaka ugonjwa unapofika mlangoni; nimeisoma sura hiyo mara nne. The Fortune Men ya Nadifa Mohamed, 2021, ni ya Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyenyongwa Cardiff 1952 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Hukumu ilitenguliwa 1998. Mwisho unaujua kabla hujafungua kitabu, na bado nilisoma nikitumaini. Mahmood wa humo ana kiburi, anadanganya, anaiba vitu vidogo. Mwandishi hakumfanya malaika ili nimhurumie.

Mwenye siku moja tu ya kusoma, achukue Keegan asubuhi. Mwenye wiki, Westover. Anayetaka kusikiliza huku mikono ikifanya kazi nyingine, Noah. Peponi mpe mtu yeyote anayependa Kiswahili, na umwombe akurudishie, maana nakala yangu ya kwanza haijarudi. Didion nampa aliyefiwa zamani kidogo. Notes on Grief nisingempa aliyefiwa wiki hii, hata kama ni kifupi na kinaonekana kimeandikwa kwa ajili yake. Ningesubiri mpaka aanze mwenyewe kumtaja marehemu kwa jina.